Hewa ya wizi kwenye injini: soma kabla hujanunua sensa nyingine

P0171. Wenye IST, Premio, Allion na Spacio wengi wameshaiona namba hii kwenye mashine ya fundi, na wengi walitoa pesa kabla ya kuuliza maana yake. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Asubuhi gari linawaka kwa kubembelezwa, ukikanyaga mafuta linasita kwanza ndipo liondoke, na kwenye foleni sailensi inapanda na kushuka bila mtu kugusa kitu. Fundi anachomeka mashine, anasoma, anatikisa kichwa: "Bosi, oksijeni sensa hii imekufa." Mwenye gari anakwenda Gerezani, Dar es Salaam, au kama yuko Nairobi anashuka Kirinyaga Road, anarudi na sensa. Taa inafutwa. Siku chache baadaye inawaka tena, na namba ni ileile.

Namba hiyo haikusema sensa imekufa. Sensa iliyokufa kwa kawaida huleta namba zake, zile za P0130 na jirani zake. P0171 inasema kwamba moshi unaotoka kwenye injini una oksijeni nyingi kuliko inavyotakiwa, kwamba kompyuta ya gari, ile mafundi wanayoiita kontroboksi, imeongeza mafuta mpaka ikafika mwisho wa uwezo wake, na bado oksijeni haijapungua. Sensa imeleta habari tu, na mjumbe hauawi. Kazi inayobaki ni kujua habari hiyo imetoka wapi, na hapo ndipo gereji nyingi zinaporuka hatua.

Petroli huungua vizuri kilo moja yake inapokutana na kilo 14.7 za hewa. Ukitaka hesabu ya kituo cha mafuta, lita moja unayolipia inahitaji takriban lita 9,000 za hewa ili iungue yote. Hewa ikizidi hapo, mchanganyiko unakuwa hafifu. Uhafifu wenyewe hauna uzito sawa kila mahali. Gari likiwa limesimama, kero yake ni mtetemo na kuzimika ovyo. Gari likiwa limebeba watu na mizigo linapanda Kitonga, mguu umekanyaga mpaka chini, uhafifu huohuo huleta joto kali ndani ya silinda na injini kuanza kugonga, na ukipuuzwa huishia kwenye vali zilizoungua na pistoni zilizotoboka. Kwa hiyo mtu anayekwambia "tembelea tu, ni taa" amekupa ushauri ambao hajui utakufikisha wapi.

Sensa ya oksijeni si kitu kipya. Ilitengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani, na Volvo ndiyo iliyoiweka kwanza kwenye magari ya kuuza, mwaka 1976, kwa ajili ya soko la Marekani. Kwetu ilichelewa kuwa na maana, kwa sababu risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli huiua sensa hiyo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia Januari 2006, na Agosti 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako Nairobi, lilitangaza kuwa nchi ya mwisho duniani, Algeria, nayo imeacha. Siku hizi kinachoiua sensa mapema ni gundi: silikoni isiyo ya daraja la sensa ambayo baadhi ya mafundi huipaka kila penye gasketi. Mvuke wake unafyonzwa na injini, unaungua, na unaacha utando mweupe kwenye ncha ya sensa.

Uliza lini, kabla ya kuuliza nini

Ndani ya kontroboksi kuna hesabu inayoendelea muda wote. Sensa ya hewa inaeleza hewa iliyoingia, kontroboksi inafungua nozeli kwa muda mfupi sana, milisekunde chache tu, kisha sensa ya oksijeni inaleta majibu kutoka kwenye ekzosi. Mafuta yakipungua yanaongezwa, yakizidi yanapunguzwa. Marekebisho hayo huandikwa kwa asilimia, na yako ya aina mbili: ya muda mfupi, yanayorukaruka kila sekunde, na ya muda mrefu, yanayotunzwa kwenye kumbukumbu. Ukijumlisha yote mawili, injini yenye afya hukaa kati ya −10 na +10. Ukiona jumla imevuka +25, taa iko karibu kuwaka kama haijawaka.

Mashine za bei ya chini kabisa zinaonyesha namba hizi, ingawa baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huzigomea, na utalazimika kutafuta fundi mwenye mashine inayoelewana na Toyota. Tatizo si mashine. Tatizo ni fundi anayesoma P0171, akafunga, akataja bei.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Injini ikiwa imeshapata moto, iache kwenye sailensi, yaani iungurume bila kukanyagwa, usome jumla ya marekebisho. Kisha shikilia resi kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, usome tena. Tuseme sailensi imetoa +28 na 2,500 imetoa +4. Hiyo ni hewa ya wizi: hewa inayoingia kupitia ufa au gasketi iliyochoka, bila kupita mbele ya sensa ya hewa, kwa hiyo haikuhesabiwa. Tundu halibadiliki ukubwa, lakini hewa yote inayovutwa na injini inabadilika. Kwenye sailensi throtoli imefungwa karibu yote, vakyumu ni kali, injini inavuta hewa kidogo, na ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya chakula. Ukipandisha resi, throtoli inafunguka, hewa halali inakuja kwa wingi, na ya wizi inakuwa kidogo kiasi cha kutojali.

Namba zikigeuka, +3 kwenye sailensi na +22 gari likiwa kazini, ufa usiutafute. Ama mafuta hayafiki ya kutosha, ama sensa ya hewa ni chafu na inaripoti hewa pungufu kuliko iliyopita. Sensa hiyo ina waya mwembamba unaopashwa moto. Vumbi na mafuta ya filta zilizolowekwa vikiuganda, inadanganya zaidi pale hewa inapokuwa nyingi. Husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, bila kuguswa na kidole wala kitambaa. Nimeona mswaki ukitumika. Baada ya mswaki, nunua sensa.

Kwenye injini za V6, kama 1MZ-FE ya Harrier, kuna msaada wa bure. Namba ikija ya upande mmoja tu, tafuta hitilafu upande huo. P0171 na P0174 zikija pamoja, tafuta kitu kinachotumiwa na pande zote mbili: sensa ya hewa, pampu, filta, au mpira mkubwa wa hewa.

Kuusaka ufa

Kuna fundi mzee mmoja Tabata ambaye ni raha kumtazama akisaka hewa ya wizi, kwa sababu nusu ya kazi anaifanya kabla ya kushika kifaa chochote. Gari lilikuwa Premio yenye injini ya 1ZZ-FE, marekebisho +27 kwenye sailensi. Alianza na mpira mkubwa unaotoka kwenye ea klina kwenda throtoli. Hakuutazama kwa juu. Aliukunja, akapitisha kidole chini ya kila pindo, upande ambao mwenye gari haoni kamwe. Mpira ule hupasuka ndani ya mapindo, na ufa unajificha injini ikiwa imetulia, unafunguka injini inapotikisika. Haukuwa na kitu. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Sailensi ikayumba, akaridhika. Kwenye injini zenye sensa ya hewa, kifuniko kilicholegea au kijiti cha oili kisichokaa vizuri kinaweza kuwa mwizi kamili. Mtu anayekifungua asione mabadiliko yoyote ana haki ya kushuku kwamba hewa tayari inaingia kwingine.

Kisha akachukua koleo, akalifunga kitambaa mdomoni, akabana mpira wa busta ya breki huku kijana wake akisoma mashine.

"Mzee, bado ishirini na saba."

"Haya, achia. Bana ule wa PCV."

"Ishirini na sita."

Busta ingekuwa inavuja, namba ingeshuka hapohapo. Mpira mmoja baada ya mwingine ulibanwa na kuachiwa, na hakuna uliobadilisha kitu. Ndipo akaomba ile chupa ya dawa ya kusafishia kabureta. Alipuliza kidogokidogo, matone mawili matatu, penye mdomo wa kila nozeli, halafu penye kiungo cha manifoldi ya hewa na kichwa cha injini. Kwenye silinda ya pili na ya tatu mlio ulibadilika, resi ikapanda kidogo, na kijana akasema marekebisho yanashuka: ishirini, kumi na tano, kumi na mbili. Dawa ile ni mafuta. Tundu lililokuwa likivuta hewa tupu lilivuta mafuta, na kwa sekunde chache injini ikashiba. Gasketi ya manifoldi ilikuwa imekakamaa na kubonyea kama lami, kipande cha bei ndogo mbele ya sensa ambayo mwenye gari alikuwa ameshainunua.

Kwenye injini hizi gasketi hiyo ina tabia nyingine inayowapoteza mafundi. Raba iliyokakamaa husinyaa ikiwa ya baridi na kutanuka ikipata moto, kwa hiyo ufa upo saa kumi na mbili asubuhi Njombe na haupo saa saba mchana Dar es Salaam. Gari linalolalamika asubuhi tu liachwe gereji lilale, lipimwe mara tu likiwashwa, injini ikiwa bado ya baridi. Wakati huo kontroboksi bado haijaanza kumsikiliza mjumbe wake, kwa sababu sensa ya oksijeni haifanyi kazi mpaka ifike nyuzi 300 hivi, basi usitazame marekebisho. Puliza na usikilize mlio.

Kuhusu moto, na hapa sina mzaha: dawa hii inawaka, na ekzosi iko sentimita chache kutoka unapopulizia. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, si ndani ya buti. Wapo wanaotumia petroli kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko. Ukiona hivyo kwenye gari lako, chukua ufunguo wako uondoke.

Corolla 110 na wenzake

Yote hayo yanahusu magari yanayopima hewa kwa waya wa moto. Corolla 110 yenye 5A-FE, ambayo bado iko barabarani kwa wingi, haina sensa hiyo. Yenyewe inapima mgandamizo ndani ya manifoldi kwa sensa ya MAP na kukisia hewa kutoka hapo. Tofauti hii inageuza utafutaji wote. Mpira wa vakyumu ukipasuka kwenye 110, mgandamizo ndani ya manifoldi unapanda, kontroboksi inaona kama vile umekanyaga mafuta, na inaongeza mafuta. Matokeo yake ni sailensi kupanda na kuhangaika, mara nyingi bila uhafifu wa kutisha. Ni ufa ulio mlangoni kwa silinda moja tu ndio unaoweza kuifanya silinda hiyo ikose mafuta peke yake na injini kumisi. Kwa hiyo 110 inayolalamika mafuta pungufu, anza upande wa mafuta na plagi, si upande wa mipira.

Na 110 haihitaji mashine. Ndani ya boneti kuna kiboksi kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini inaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia kidogo, ikakonyeza mara tano, hiyo ni 25, mafuta pungufu. Ni 26 yakizidi, na 21 sensa ya oksijeni yenyewe ikiwa na kasoro. Hakikisha tundu ni lenyewe. Kiboksi hichohicho kina +B na FP, ambazo ukiziunganisha na swichi ikiwa imefunguliwa pampu ya mafuta inaanza kuzunguka, jambo linalofaa sana ukitaka kuipima pampu na lisilofaa kama hukukusudia. Injini ikiwa ya moto, TE1 na E1 zikiwa bado zimeunganishwa na resi ikishikiliwa kwenye 2,500, mita ya mshale ikiwekwa kati ya VF1 na E1 inatakiwa kuyumba angalau mara nane ndani ya sekunde 10. Mshale ukilala kwenye sifuri, habari inayoletwa ni ya uhafifu mtupu.

Mafuta yasiyofika

Kwenye 110 yenye mpira wa kurudisha mafuta kwenye tangi, presha kwenye reli ya nozeli ni kati ya bari 2.1 na 2.6 kwenye sailensi, na inapanda mpaka karibu 2.7 hadi 3.0 ukichomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta. Isipopanda, regyuleta ina neno. Injini za 1NZ na 1ZZ za baadaye hazirudishi mafuta. Zenyewe hukaa karibu bari 3.0 hadi 3.5 wakati wote. Pima pia gari likiwa kazini, maana pampu iliyochoka hutoa presha nzuri ikiwa haidaiwi kitu, halafu inaanguka mlimani.

Pampu zetu zinachoka mapema, na sababu moja tunaijua wote ingawa hatupendi kuisikia. Pampu inapozwa na petroli iliyoizunguka ndani ya tangi. Anayeweka mafuta ya elfu kumi leo na ya elfu kumi kesho, taa ya njano ikiwa imewaka wiki nzima, anaiendesha pampu hiyo ikiwa nje ya mafuta. Juu ya hapo, kwenye Toyota nyingi za baada ya 2000 filta iko ndani ya tangi pamoja na pampu, na wenye magari wengi hawajui kama ipo.

Kabla ya kukubali kuwa mafuta ni pungufu, ondoa uwezekano wa habari ya uongo. Silinda inayomisi inatupa hewa yake yote kwenye ekzosi bila kuiunguza, na sensa inaona oksijeni, si petroli iliyobaki. Koili mbovu inaweza kuleta P0171 huku plagi imelowa mafuta. Ekzosi iliyopasuka kabla ya sensa inavuta hewa ya nje kati ya mpigo na mpigo, na hili limekuwa la kila siku tangu watu waanze kung'oa masega ya kusafishia moshi na kuchomelea bomba kienyeji. Namna ya kumpima mjumbe ni kumpa habari unayoijua. Weka mita ya dijitali kwenye waya wa sensa: injini ikiwa ya moto, mita inatakiwa kuruka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikiwa imeganda kwenye 0.1, pulizia dawa kidogo kwenye mdomo wa hewa. Ikiruka mpaka 0.8 au 0.9 mara moja, sensa inaona vizuri. Usiibadilishe.

Wanaoishi juu wana la ziada. Geji ya vakyumu kwenye injini nzima pwani husoma inchi 17 hadi 21, na hupungua inchi moja hivi kwa kila futi 1,000 unazopanda. Nairobi, kwenye mita karibu 1,800, inchi 13 au 14 ni afya njema, wakati Dar es Salaam ingekuwa dalili ya ufa. Sensa ya MAP kabla ya kuwasha injini inasoma karibu kilopaskali 101 Dar es Salaam na karibu 82 Nairobi. Ikisoma 82 Kigamboni, kontroboksi itadhani hewa ni nyembamba na itabana mafuta, na hapo mkosaji umempata bila kufungua nati.

Injini za D4, zilizoanza na 3S-FSE ya Corona Premio mwaka 1996, na zile 7A-FE za kubana matumizi, hazimo kwenye makala haya. Hizo zilitengenezwa zitembee na mafuta kidogo kwa makusudi gari likiwa halina mzigo, na vipimo vyake ni vingine kabisa.

Kazi ikiisha, kumbukumbu inafutwa, kwa mashine au kwa kutoa fyuzi ya EFI kwa zaidi ya sekunde 10 kwenye 110, na kontroboksi inaanza kujifunza upya. Mwombe fundi aandike kwenye risiti jumla ya marekebisho kabla na baada, ya sailensi na ya 2,500. Kama ya sailensi ilikuwa 27 na sasa ni 4, mlipe, pamoja na muda wa kutafuta. Kama taa imezimwa na hakuna namba iliyoandikwa, kaa kwenye benchi la gereji mpaka injini ipate moto, na mashine ichomekwe tena mbele yako.